Keki ya umbo la punda kwa Idd: niipambe kwa kitu gani ili isiyeyuke?

Binti wa Langoni, Lamu

Assalamu alaykum, mama zangu na dada zangu. Idd el-Fitr hii wajukuu wote watakusanyika kwa bibi, Shela, na watoto wameomba keki ya umbo la punda. Bibi ameridhia kwa sharti kwamba isiwe sanamu ya kusimama, bali umbo la ubavu lililolazwa juu ya sinia. Nina oveni ndogo ya gesi na jokofu, lakini mambo mawili yananitia wasiwasi. La kwanza ni joto na unyevu, kwani aisingi ya siagi hapa kwetu huanza kuteleza hata kabla ya adhuhuri, na keki itapelekwa kwa mashua baada ya swala ya Idd. La pili ni mwezi: nikioka na kupamba tarehe 29 Ramadhani kisha mwezi usiandame, keki itabidi ingoje siku nzima. Naomba ushauri: nioke keki ya namna gani, niipambe kwa kitu gani, na lini?

Mama Hiliki, Malindi

Wa alaykum salaam, mwanangu. Bibi amekurahisishia kazi, kwa sababu punda wa kulazwa hana miguu ya kuvunjika.

Usioke sponji laini, maana ukiikata itamong'onyoka. Oka keki nzito ambayo siagi, sukari, unga na mayai vina uzani sawa, yaani gramu 250 kila kimoja. Mayai matano ya wastani, bila maganda, yatakaribia uzani huo. Tia vijiko viwili vya chai vya bekingi pauda na hiliki iliyotwangwa upya, umimine katika treya ya mstatili ya sentimita 20 kwa 30, kisha uoke kwa nyuzi 160 hadi kijiti kitoke kikavu. Keki ya namna hii ikifungwa vyema hukaa siku kadhaa bila kuharibika, kwa hiyo oka tarehe 28, uifunge, na usiipambe hadi mwezi uandame. Chora punda kwenye karatasi, uiweke juu ya keki iliyolala jokofuni, na ukate kwa kisu chembamba chenye meno. Keki baridi hukatika bila kuchanguka.

Sasa mapambo. Siagi hulegea mapema na huyeyuka kabisa karibu na nyuzi 35, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Changanya nusu siagi na nusu mafuta meupe ya kupikia yanayoganda, pamoja na sukari ya unga, na upake tabaka jembamba tu la kushikiza. Manyoya yatakuwa nazi. Wakati wa Idd nyumba nyingi hukuna nazi, na machicha yanayobaki baada ya kukamua tui ndiyo yanayofaa hasa, kwani mafuta yake mengi yametoka na hukauka upesi. Yakaange bila mafuta kwa moto mdogo, ukikoroga bila kuacha, mpaka yawe na rangi ya hudhurungi. Lakini bakisha sehemu uikaushe tu bila kuibadilisha rangi. Nazi mbichi isiyokaushwa usiitumie, kwa sababu huchacha haraka katika joto letu.

Kabla ya kupamba, mtazame punda yeyote anayepita mlangoni. Mdomo, pembeni mwa macho na tumbo huwa vyeupe, na wengi wana mstari mweusi unaofuata uti wa mgongo na mwingine unaoshuka begani. Nyeupe ni ya machicha yasiyokaangwa, na mistari ni ya kakao. Ukiweka mistari hiyo miwili, watoto watamtambua mara moja.

Fundi wa Mkomani, Lamu

Nakubaliana na mama kwa yote isipokuwa machicha, ambayo hayana utamu. Nazi nzima iliyokunwa, ikikaushwa kwa subira, ina ladha inayostahili sikukuu.

Fondanti, yaani ule unga wa sukari uliokandwa wa kufunika keki, uiache kabisa: ukiitoa jokofuni katika hewa yetu yenye unyevu, hutoa jasho na kunata. Mvishe punda shogi, ule mfuko wa kubebea mizigo mgongoni mwa punda. Tandaza marzipani (lozi zilizosagwa na kukandwa na sukari), uikandamize kwa kipande safi cha ukili ili ichukue alama za msuko, kisha uikunje iwe mfuko mmoja ubavuni, ujazwe tende na kashata ndogo.

Binti wa Langoni, Lamu

Shukrani nyingi kwenu nyote wawili. Shogi itawafurahisha watoto kuliko chochote. Je, masikio? Nikiyakata marefu kama ya punda, nahofia yatavunjika.

Mama Hiliki, Malindi

Usiyakate kwenye keki. Oka biskuti mbili za umbo la sikio, uzichomeke kichwani mkifika Shela, kwani biskuti ikikaa usiku kucha ndani ya keki hunyonya unyevu na kulegea. Mashuani weka sinia ndani ya katoni yenye kifuniko, na pembeni chupa mbili za maji yaliyoganda zilizofungwa kwa taulo, zisiguse keki. Umwombe nahodha akuweke kivulini, na katoni ikae sakafuni mwa mashua wala isiwekwe juu ya benchi.