Naomba ushauri: Nizwa hadi Misfat bila gari

Assalam aleikum ndugu zangu, hasa mlioko Oman. Mimi na mama tunatoka Unguja, tutafikia Maskati kwa shangazi. Mama hataki maduka makubwa. Anataka mnada wa mbuzi wa Nizwa, ule wa Ijumaa asubuhi, kisha alale Misfat, kijiji cha mlimani, kwenye nyumba kongwe za mawe na udongo, karibu na falaji (mfereji wa jadi wa maji).

Basi la Maskati hadi Nizwa nimeshalipata. Kutoka hapo kupanda Misfat sioni basi, na teksi niliyoulizia bei yake inatisha. Shangazi naye anasema wanawake wawili peke yetu tutakodolewa macho (yeye huogopa kila kitu).

Je, Ijumaa baada ya sala hupatikana teksi ya kuchangia hadi Al Hamra, mji ulio chini ya Misfat? Na kule kijijini buibui ni lazima, au gauni refu na mtandio vinatosha?