Kisiki mguuni mwa sanamu ya Kirumi ni cha nini?

Fundi_Mkomani: Asalaam aleikum. Mimi huchonga milango hapa Lamu. Mgeni kanionyesha kwa simu sanamu ya marumaru iliyochimbuliwa Pompeii, mji wa kale wa Warumi: kijana uchi, nyuma ya mguu kisiki cha mti. Kazi safi vile, kisiki cha nini?

Mwalimu_Langoni: Waaleikum salaam, fundi. Huyo ni Doryphoros, mbeba mkuki. Ya asili ilikuwa shaba nyeusi, kazi ya Mgiriki Polykleitos, yapata 440 KK. Sanamu ya shaba ina uwazi ndani, miguu yaibeba. Warumi wakainakili kwa marumaru, jiwe zito lisilopinda. Bila kisiki vifundo vingekatika.

Fundi_Mkomani: Kumbe! Kuna mteja alileta picha ya mlango wa bambakofi, mbao ngumu, akataka uleule kwa mwembe ulio laini. Ilinibidi niunenepeshe mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, naye akanuna hadi leo. Lakini kunakili hivyo si wizi?

Binti_Shela: Labda, mjomba. Ila shaba nyingi za Wagiriki ziliyeyushwa. Bila nakala tusingemjua kijana huyo. Na zile nyuso za wazee kwenye sanamu za Kirumi, makunyanzi na mashavu yaliyobonyea, hiyo ni ladha ya Warumi wenyewe.

Fundi_Mkomani: Basi nitumie picha ya mzee mmoja. Kijana nimeshamchoka.