Michoro ya marehemu baba: tuitoe au ibaki kwenye tranka?

Binti_Ngamiani:
Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Baba yetu alikuwa fundi wa kuandika vibao hapa Tanga, Ngamiani. Saluni, bucha, gereji. Mpaka leo ukipita mitaa ile utaona herufi zake, ile S ina mkia kama wa ng'e. Amefariki mwezi wa pili. Baada ya arobaini tukafungua tranka lake tukitafuta hati ya kiwanja. Hati haikuwemo. Tulikuta kauntabuku nne zimejaa michoro ya penseli na kalamu ya bluu, na vidonge vya nafutalini kila kona.

Hatukujua kama anachora watu. Wadaiwa wake wote wamo, kila mmoja na kiasi anachodaiwa kimeandikwa chini ya kidevu. (Yupo jirani wa elfu kumi na nane. Namsalimia kila asubuhi, sasa hivi cheko linanibana.) Ila kauntabuku ya nne ni mama mtupu. Mama anachambua mchele, mama amelala, mama yuko wodini mwaka ule alioumwa, kichwa wazi, nywele zimenyonyoka.

Kaka anataka kuweka zote Instagram. Binamu yetu wa Muscat anamuunga mkono, eti wanunuzi hawakosekani. Shangazi anasema tuchome, viumbe vyenye roho havichorwi, na ndiyo maana marehemu alificha. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Fundi_Fremu:
Pole kwa msiba dada. Kabla ya ubishi wenu, msipeleke kulaminisha! Ukishabandika plastiki ile kwa moto, karatasi huitoi tena. Msichane hata ukurasa mmoja, mfuatano wake una maana. Piga picha asubuhi karibu na dirisha, bila flashi. Na wino wa kalamu unapauka juani, kwa hiyo mkitaka kutundika ukutani tundikeni nakala.

Wakili_wa_Mtaani:
Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi ya msanii akiwa hai na miaka 50 baada ya kufa. Haki hiyo ni mirathi kama lilivyo shamba, kaka hawezi kuiuza kivyake. Mteueni msimamizi wa mirathi kwanza. Halafu anayenunua mchoro kanunua karatasi tu. Kuuchapa kwenye fulana ni habari nyingine, iandikwe kwenye mkataba.

Babu_Chumbageni:
Hapo kaka yako atakutajia Tingatinga, kwamba alikufa 1972 na leo anajulikana dunia nzima. Sawa. Lakini Tingatinga alipaka rangi za baiskeli kwenye bodi zake akaziuza mwenyewe Oysterbay, akiwa na haja zinunuliwe. Babako alitia nafutalini. Halafu mjukuu wangu, umetaja kaka, binamu, shangazi. Mama yako yu hai? Mbona hujasema yeye kasemaje?

Binti_Ngamiani:
Babu, nimeona aibu. Yu hai, na hatukumuuliza. Tulikuwa tunanong'ona jikoni yeye yuko sebuleni.

Jana baada ya magharibi nikamwekea ile ya nne mapajani. Akavaa miwani, akafunua polepole, huku analowesha kidole kwa mate (Fundi Fremu nisamehe, ningemwambiaje?). Alipofika ile ya wodini akaifunika kwa kiganja. Akasema, "Alikuwa anadhani nimelala." Kimya. Nikaogopa hata kupumua. Mara akageuza ukurasa, akaguna: "Hapa kakosea. Matundu mawili yako sikio la kushoto."

Kauntabuku hiyo kaifunga kwenye kanga, iko chini ya mto wake. Kaka kanuna. Shangazi naye kanuna, kwa sababu haikuchomwa. Tatu zilizobaki mama karuhusu zionyeshwe, za wadaiwa hasa. Ila kaweka sharti: vile viasi vya chini ya kidevu visifutwe.