Tupeane uzoefu: biashara ya mpaka wa Namanga na kumpata mshirika wa kudumu upande wa pili

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninauza vitunguu vya Mang'ola, Karatu, kwa wanunuzi wa Kenya, na ningependa kila mmoja aeleze alivyojenga uhusiano na wenzake wa ng'ambo ya mpaka. Naanza mimi.

Misimu miwili ya kwanza nilimwachia dalali mzigo wote pale Namanga. Alinidai ushuru wa forodha kwa kila gunia, nami nikalipa bila kuomba risiti, kwa kuwa sikujua kwamba tangu Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki uanze mwaka 2005, mazao yaliyolimwa Tanzania huingia Kenya bila ushuru huo mradi uasili wake, yaani mahali yalikolimwa, umethibitishwa. Kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani kuna cheti rahisi cha uasili, kinachotolewa palepale mpakani. Siku niliyokijaza kwa mkono wangu, nikaandika bidhaa, uzito na thamani, kisha ofisa akagonga muhuri mbele yangu, nilibaki nimekishika muda mrefu nikihesabu fedha nilizokwisha kupoteza. Mnunuzi wangu wa sasa nilimpata kwenye foleni hiyohiyo, naye amenunua kwangu kila msimu tangu hapo. Wanaoanza wazingatie kwamba cheti hicho hakichukui nafasi ya cheti cha afya ya mimea, wala hakiondoi tozo nyingine.

*Mchangiaji wa pili:*
Ahsante, mleta mada. Sisi tulitaka kuvunja uhusiano kwa sababu ya lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo halali. Mwenzangu wa Kenya alizoea kununua kwa gunia, mimi nikajaza kwa kipimo halali, akaona nimempunja. Nami nilipoona wengine wanashona kofia juu ya gunia, nikaona wananiharibia soko. Hatimaye tulikubaliana kuuza kwa kilo tu. Mzigo hupimwa kabla ya kupakiwa, hupimwa tena wakati wa kuhamishiwa lori lake, na kila upande hutuma picha ya mizani kwa simu. Tofauti ya kilo zilizonyauka njiani tunagawana nusu kwa nusu. Tuliandika pia siku ambayo kiwango cha kubadilisha shilingi zetu kitatumika, maana hapo ndipo ugomvi mwingi huzaliwa. Karatasi hiyo ni ya ukurasa mmoja, lakini imetufaa kuliko ahadi zote tulizopeana kwa mdomo.

*Mchangiaji wa tatu:*
Mimi ni wa mahindi. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka, lori langu lilikuwa njiani. Zuio lililegezwa baada ya siku chache, lakini kwa masharti, likiwamo la cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Tangu hapo sinunui gunia bila kipima unyevu mkononi, na unyevu ukizidi asilimia 13.5 ninamwomba mkulima ayarudishe mahindi juani, kwenye turubai na si kwenye udongo. Wakulima walinung'unika mwanzoni. Mnunuzi wangu, kwa upande wake, sasa hunitumia malipo ya awali kabla ya mavuno, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

*Mchangiaji wa nne:*
Nami ni mnunuzi kutoka upande wa Kenya. Nilikuwa nikifika shambani mwenyewe, lakini tangu Julai 2025 Tanzania imewazuia wasio raia kununua mazao shambani, hivyo sasa nanunua kupitia chama cha ushirika kinachokusanya na kupanga madaraja. Nakiri kwamba agizo hilo liliniuma, ingawa vitunguu ninavyopokea siku hizi vimechambuliwa vizuri zaidi. Sasa tunazungumza na chama hicho tujenge pamoja banda la kukaushia na kuchambua. Kwa kuwa mgeni hamiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa, tumependekeza kiwanja kibaki cha chama, nami nichangie mizani, chanja na paa. Kama kuna aliyewahi kuandika mkataba wa namna hiyo, naomba anieleze aliwekaje kifungu cha mmoja kujitoa, kwa maana hapo ndipo tulipokwama.