Tupeane uzoefu: kadi ya grafiki ya zamani na programu mpya za video, ipi inakubali na ipi inagoma?

FundiWaya (mwanzisha uzi)
Wakuu, tukusanye hapa mambo yaliyopimwa, si ya kusikia. Ukichangia taja kadi, draiva, mfumo wa kompyuta, programu ya kuchezea na kodeki ya video (njia ya kubana video, kama H.264, HEVC, VP9 na AV1). Ukisema tu "GT 730 inagoma" hujasaidia mtu, maana kuna GT 730 zenye chipu ya Fermi na nyingine zenye Kepler (vizazi viwili vya NVIDIA), na draiva zake haziingiliani.

Msingi ni huu. Kufungua video ni kazi ya kipande maalumu ndani ya chipu, tofauti na kile kinachochora gemu. Kipande hicho kinajua kodeki zile kilizotoka nazo kiwandani, basi. Hakuna draiva itakayoifundisha GT 710 kufungua HEVC. Programu mpya inaleta matatizo kwa njia nyingine: kadi inaiweza H.264 vizuri kabisa, ila programu imeacha kuongea na draiva ya zamani, mzigo wote unarudi kwa prosesa, feni inaanza kulia.

Mzee_wa_Optiplex
Naongelea Intel, maana OptiPlex za mtumba (kompyuta za Dell) ndizo zimejaa madukani. 790 (kizazi cha 2), 7010 (cha 3) na 7020 (cha 4): hesabu H.264 ya biti 8 tu (biti ni kina cha rangi). 7040 (cha 6) inaongeza HEVC ya biti 8. HEVC ya biti 10 na VP9 kamili zinaanza kizazi cha 7, yaani grafiki ya HD 630. AV1 ni kuanzia kizazi cha 11.

Angalieni 7050: inakuja na i5-6500 au i5-7500. Kasha ni lile lile, lakini ya kwanza haina VP9 kamili na ya pili inayo. Soma namba ya prosesa, usisome stika ya kasha.

Kwenye Ubuntu (aina ya Linux) hakikisha hivi:

`sudo apt install i965-va-driver vainfo`
`LIBVA_DRIVER_NAME=i965 vainfo`

Tafuta mstari wa VAProfileH264High wenye VAEntrypointVLD. VLD ndiyo kufungua. Ukiona EncSlice peke yake, hiyo ni ya kurekodi na haitakusaidia kutazama. Kosa linalowakuta wengi: wameweka intel-media-va-driver pekee, ambayo inaanzia kizazi cha 5 (Broadwell). Kwenye Haswell (kizazi cha 4) kurudi nyuma vainfo inatoa kosa, mtu anadhani kadi imekufa kumbe draiva siyo yake.

kepler470
NVIDIA upande wa Linux, shika namba za matawi ya draiva: 340 kwa kadi za enzi za GT 210, 390 kwa Fermi, 470 kwa Kepler. Maxwell na Pascal, vizazi vilivyofuata, tawi lao la mwisho ni 580. Mawili ya kwanza yameachwa kabisa, 340.108 ilitoka 2019 na 390.157 ilitoka 2022, kwa hiyo ukipandisha keneli (kiini cha mfumo), moduli inagoma kujijenga na unaamka na skrini nyeusi. Kama kompyuta ni ya kutazamia video tu, baki na toleo la mfumo lenye keneli ya zamani ambalo bado linapata marekebisho ya usalama. La sivyo hamia nouveau, draiva huria ya Linux.

Jambo jingine: draiva hizi zinafungua video kwa VDPAU, wakati Firefox na Chrome zinatumia VA-API (hizi ni njia mbili tofauti za programu kuongea na kadi). Ndiyo maana faili lile lile linateleza kwenye mpv (programu ya kuchezea video) na linakwama kwenye kivinjari. Kwa Kepler yenye 470 kuna kiunganishi kinaitwa nvidia-vaapi-driver, na kinahitaji nvidia-drm.modeset=1 kwenye mstari wa kuwashia keneli.

swali_fupi
Mkuu, kwangu filamu za kwenye diski zinacheza safi ila YouTube ya 1080p inakwama. Haswell, Windows 10.

FundiWaya
@swali_fupi YouTube inakupa VP9 au AV1, filamu zako bila shaka ni H.264. Bofya kulia juu ya video, fungua "Stats for nerds", tazama mstari wa Codecs: avc1 ni H.264, vp09 ni VP9, av01 ni AV1. Weka kiongezi cha enhanced-h264ify kwenye kivinjari, kizuie VP9 na AV1. Gharama yake ni kwamba hutapata zaidi ya 1080p, kwa sababu juu ya hapo YouTube haitoi avc1. Kwa skrini ya 1080p hupotezi kitu.

Na usihangaike ukikosa grafu ya GPU kwenye Task Manager. Grafu ile inataka draiva ya WDDM 2.0 (muundo wa draiva za Windows), kadi nyingi za zamani hazina, hata kama zinafungua video vizuri.

mpv_tu
Kwenye mpv lazimisha hivi: `mpv --hwdec=auto-safe --profile=fast faili.mkv`. Bonyeza herufi i, utaona kama hwdec (kufungua video kwa kadi) imewaka na fremu ngapi zimeangushwa. Ctrl+h inaiwasha na kuizima video ikiendelea, kwa hiyo unalinganisha papo hapo.

Ikigoma kufungua dirisha kabisa, kodeki haina kosa, shida ni ya kuchora. `gpu-next`, njia mojawapo ya mpv ya kuchora picha, inataka OpenGL 3.0, na Intel ya kizazi cha 1 inaishia 2.1. Rudi kwenye `--vo=gpu`, au `--vo=xv` kama uko X11 (mfumo wa madirisha wa Linux).

VLC ya Windows: Ctrl+P, Input / Codecs, badilisha Direct3D11 iwe DXVA 2.0. Kadi za zamani mara nyingi zinatulia hapo.

biti10
Katuni za Kijapani zinawachanganya watu. Faili ni H.264, kadi inaijua H.264, bado prosesa iko asilimia 90. Pima kwa ffprobe (chombo cha kusoma taarifa za faili): ukiona yuv420p10le, hiyo ni H.264 ya biti 10, na karibu kadi zote, hata za bei mbaya, haziifungui. Igeuze mara moja:

`ffmpeg -i a.mkv -map 0 -c copy -c:v libx264 -crf 20 -pix_fmt yuv420p b.mkv`

Manukuu na sauti vinabaki vilivyo. Kwenye prosesa ya zamani iache ifanye kazi usiku.

Wa Fedora (Linux): tangu toleo la 37 Mesa yao, yaani draiva huria za grafiki, haina H.264 wala HEVC. Washa RPM Fusion (hazina ya programu za ziada), halafu `sudo dnf swap mesa-va-drivers mesa-va-drivers-freeworld`.

Mzee_wa_Optiplex
Kwa anayetaka kununua: GT 1030 inatosha, wati 30, haihitaji waya wa ziada wa umeme, inafungua HEVC ya biti 10 na VP9. Ile yenye kumbukumbu ya DDR4 inadharauliwa kwa gemu, kwa video haina neno. Kwa kasha jembamba dai bati fupi la nyuma (la kushikia kadi kwenye kasha) kabla hujalipa. RX 570 na 580 za AMD zinaiweza HEVC, lakini VP9 kwenye Linux hapana. Na msidanganywe na upya: RX 6400 ni ya 2022 lakini haifungui AV1, wakati RX 6600 iliyotangulia inafungua.