Nani anaamua, wewe au ubongo wako?

Mpenda Chai: Wakuu, daktari kanikataza sukari, mwezi wa pili huu. Jana asubuhi naandaa chai huku nasoma meseji, nakuja kushtuka kijiko kinakoroga, kopo liko wazi, vijiko viwili vishaingia. Sikuamua mimi, naapa. Sasa kaamua nani? Kuna Mjerumani alifunga watu waya kichwani akakuta ubongo unaanza kazi kabla mwenyewe hajajua kama anataka kusogeza mkono. Huo utashi huru tunaoimbiwa uko wapi?

Kinyozi wa Mtaa: Haupo mkuu. Akili ya ndani ndo dereva, wewe abiria siti ya nyuma unajifanya kuelekeza njia. Cheki bodaboda, unadhani wale wanafikiria? Mazoea tu yanaendesha, ndo maana wodi zimejaa.

Toyo 150: Kinyozi ishia hapohapo. Mwaka wa tisa niko barabarani sijamgusa mtu. Juzi mtoto kachomoka nyuma ya kibanda cha chipsi, mguu ukawa ushakanyaga breki kabla hata sijamuona vizuri, nikapaki pembeni natetemeka miguu yote. Hayo ndo mazoea unayoyadharau. Wewe mazoea yako yanatuachia vipele kisogoni.

Bint Saidi: Kwanza yule sio Mjerumani, ni Benjamin Libet, Mmarekani, San Francisco, 1983. Wajerumani ni Kornhuber na Deecke, wao ndo waliligundua lile wimbi la ubongo miaka ya 60. Libet alikuta wimbi linaanza kama nusu sekunde kabla ya mkono kusogea, mtu anajua anataka ikiwa imebaki sehemu ya tano tu ya sekunde. Ila mbona hamsemi kwamba Libet mwenyewe alisema hapo katikati bado unaweza kughairi? Halafu 2012 akaja Schurger na wenzake wakasema lile wimbi huenda sio uamuzi kabisa, ni makelele ya ubongo yanapanda na kushuka, yakivuka kiwango ndo mkono unasogea. Na kusogeza mkono sio kuchagua mume jamani.

Kinyozi wa Mtaa: Kwani wewe dada mume ulimchagua kwa utashi?

Bint Saidi: Sijaongea na wewe. Mtu hoja imemshinda anakimbilia ndoa za watu.

Maalim wa Pwani: Haya mbona ya zamani. Katika Uislamu wa kale kundi la Jabria walisema mja ni unyoya kwenye upepo, kundi la Kadaria wakasema vitendo ni vyake mwenyewe, mwanazuoni Ashari akaja na kasbi, yaani Mola anaumba tendo, mja analichuma, na kwa alichokichuma ataulizwa.

Toyo 150: Kwa hiyo maalim vipele vya Kinyozi ni kudra?

Maalim wa Pwani: Vipele ni uchafu wa mashine, mwanangu.

Mama Wawili: 😂😂 Toyo na wewe usijitoe, helmeti zenu zinanuka jasho la watu mia, mtu anaona bora apande kichwa wazi.

Toyo 150: Mama bila helmeti sikubebi, kupanda ndo hiari yako.

Kinyozi wa Mtaa: Hiari gani tena wakati tumesema haipo? Mwizi naye akifika kwa hakimu aseme mkono uliondoka wenyewe.

Bint Saidi: Aseme tu. Kanuni ya Adhabu inajua tendo lililotokea bila utashi wa mtu, kama wa kifafa akimpiga mtu teke. Mwizi aliyevizia mpaka mlinzi alale atajitetea na kifafa gani?

Mama Wawili: Mnayo helmeti ya kike lakini? Na misuko hii haiingii kabisa.

Toyo 150: Leta kitambaa chako cha kufunga ndani mama, wenzio wote wanafanya hivyo.

Mpenda Chai: Wakuu na sukari yangu?

Bint Saidi: Kaka, uliposhtuka ukaona vijiko viwili vimo, chai uliimwaga?

Mpenda Chai: Nilikunywa.