Tupeane uzoefu: ni kitu gani kilikusaidia kusimama kwenye ubao wa mawimbi?

Mpwani wa Kigamboni

Habari za humu wakuu. Uzi huu ni wa sisi tunaojifunza safingi, ile ya kulala kwenye ubao, kupiga maji kwa mikono na kuvizia wimbi. Wale wa kuvutwa na tiara kule Paje, mada yenu ni nyingine. Video zimejaa mtandaoni, ila wengi wanaofundisha humo walishasahau zamani jinsi mtu anavyoanguka mfululizo. Nataka ya kwako mwenyewe: ulirekebisha nini ukaona tofauti, na ulikuwa maji gani.

Naanza mimi. Shida yangu haikuwa kusimama, ilikuwa kulala. Nikishika wimbi, omo (ncha ya mbele ya ubao) inachimba, ubao unapiga kichwa nami napinduka nao. Nikirudi nyuma ili kuikwepa hiyo, tezi (sehemu ya nyuma) inazama, ubao unajikokota na wimbi linanipita hivihivi. Mzee mmoja wa ngalawa alikuwa amekaa kivulini anatutazama, akaniuliza, "Shehena umeipakia wapi?" Basi nikaelewa. Nikaingia sehemu maji yametulia, nikalala ubaoni, nikajisogeza kidogo kidogo mpaka omo ikabaki juu ya maji kama vidole vitatu. Pale kidevu kilipoangukia nikapaka mstari wa nta. Tangu hapo kila nikipanda ubao naweka kidevu kwenye mstari, sibahatishi. Nikikosa wimbi siku hizi, najua sababu ni nyingine.

Binti Ghuba

Salamu kutoka Malindi. Hiyo ya nta naichukua, asante kaka.

Sisi hapa tuna bahati ya ghuba. Sehemu kubwa ya pwani yetu ina mwamba unaokata mawimbi mbali na ufuo, lakini mbele ya mji wa Malindi wimbi linaingia hadi ndani, na chini ni mchanga, kazi ya mto Sabaki. Msimu wa kusi, Julai na Agosti hasa, ndio wakati wake. (Kwenye mlango wenyewe wa Sabaki msiende kujifunza. Kuna viboko, na sitanii.)

Kilichonisaidia ni mikono. Nilikuwa nashika kingo za ubao wakati wa kunyanyuka. Ukishika kingo, mkono wenye nguvu zaidi unavuta, ubao unalala upande mmoja, unamwagika kabla hujafika popote. Weka viganja bapa juu ya ubao, usawa wa mbavu za chini, viwiko vimebana mwili, halafu sukuma ubao chini huku kifua kikipanda. Mguu wa mbele unapita katikati ya mikono na kutua palepale kifua kilipokuwa. Magoti yasiguse ubao. Ukizoea kupiga magoti kwanza utajiona umefaulu, kumbe umejifunga, maana kutoka magotini kwenda miguuni ni safari nyingine na wimbi halikusubiri.

Na wakuu, anzieni kwenye povu. Wimbi likishavunjika linakuja jeupe, linasukuma moja kwa moja, maji yako kiunoni. Kuna watu wanaona aibu kukaa huko na watoto wa shule. Aibu ya nini?

Mzee wa Mchangani

Mimi nasema fanya mazoezi nchi kavu. Chora umbo la ubao mchangani, lala, inuka, lala, inuka. Nyumbani ninafanya kwenye mkeka. Mwili ukikariri, majini hufikirii tena.

Binti Ghuba

Mzee wangu, kwa heshima zote, mchanga unadanganya. Mchanga hauzami. Mtu anausukuma kwa kishindo anaruka juu, akija majini anafanya hivyohivyo, ubao unadidimia chini yake. Mimi naona mkeka unafaa kujua miguu inakwenda wapi, basi. Ule wepesi wa kunyanyuka utaupata majini tu.

Mzee wa Mchangani

Sikatai. Ila mwenye kupata bahari mara moja kwa mwezi afanye nini? Mkeka ndio huo.

Mwanachuo Cape Town

Mzee ana hoja. Niko huku masomoni, nimejifunzia Muizenberg, kwenye kona yao ya wasafaji. Mawimbi marefu, ya taratibu, yanavunjika mbali na kuteleza mpaka ufukweni, ndiyo maana kila anayeanza anapelekwa hapo. Treni inakushusha jirani kabisa. Ila baridi! Bila suti ya mpira hukai, na kuivua ikiwa imelowa ni mazoezi tosha.

Jambo la kwanza hapo ni kutazama bendera. Kuna watu mlimani kazi yao ni kuangalia papa. Kijani maana yake wanaona vizuri na hakuna papa. Nyeusi, hawaoni vizuri. Nyekundu, tahadhari ni kubwa. Nyeupe yenye picha ya papa ikipanda pamoja na king'ora, toka majini bila kujadiliana na mtu.

Sasa la ufundi. Nilikuwa nanyanyuka mapema mno. Nikihisi tu wimbi limegusa tezi, ninaruka, na wimbi linaniacha nimesimama kwenye ubao uliokufa. Mwalimu akaniambia: ukidhani limekushika, piga maji mara mbili zaidi, kwa nguvu, ndipo uinuke. Hizo mbili ndizo zilizonivusha. Pia macho. Ukitazama miguu yako utaifuata majini. Nilichagua jengo moja ufukweni nikawa nalikazia macho wakati wote wa kunyanyuka, na magoti yakakunjika yenyewe.

Kiu ya Maji

Naomba kuuliza. Sijui kuogelea ila ubao unaelea na una kamba ya mguuni. Naweza kuanza?

Mpwani wa Kigamboni

Hapana.

Binti Ghuba

Hapana, ndugu yangu. Kamba hukatika. Jifunze kuogelea kwanza, ubao utaukuta.

Mtu wa Khareef

Assalaam alaykum. Mie niko Muscat, asili Unguja. Mjini hapa bahari kimya takriban mwaka mzima, mwenye kutaka wimbi anafunga safari mpaka Al Ashkharah, upande wa Bahari ya Arabuni, miezi ya Juni hadi Septemba kusi ikipiga. Ukitoka Muscat joto limepita nyuzi 40 halafu huko maji yanakutia ubaridi, kwani upepo unayasukuma maji ya juu kwenda nje, ya kilindini yanapanda kushika nafasi yao. Huko Salalah miezi hiyo msiingie majini kabisa, bahari inachukua watu.

N'takwambieni kitu ambacho wanaoanza hawafunzwi: kuchagua pa kuingilia. Ukisimama ufukweni unaona povu kushoto, povu kulia, na katikati pana njia maji yametulia, hakuna wimbi linalovunjika. Mgeni hufurahi, "hapa ndipo pazuri." Hapo ndipo mkondo unapotokea! Maji yote yaliyoingia na mawimbi yanarudi nje kupitia hapo, na kina ni kirefu ndiyo maana hapavunjiki. Tazameni rangi, imekoza, na mara nyingine mchanga na taka vinaelea kwenda nje. Ukishachukuliwa, usishindane nao kurudi moja kwa moja. Ng'ang'ania ubao, piga maji sambamba na ufuo mpaka ufike penye povu, povu likurudishe.

Na kuanguka pia kuna adabu yake. Anguka bapa, kwa ubavu au mgongo, usitangulize kichwa, hata kama unaona kina kipo. Ukiibuka, mkono mmoja juu ya kichwa, kwa sababu hujui ubao uko wapi. Na usiuweke ubao kati yako na wimbi. Mie meno yangu ya mbele yanajua.

Mpwani wa Kigamboni

Shehe, umenena. Niongeze la maji ya huku, maana Dar watu wanaangalia upepo tu na kusahau mwezi. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa kwetu inapita mita 3. Wimbi huanza kuvunjika kina kikikaribia mara moja na robo ya urefu wake, kwa hiyo wimbi la mita moja linataka maji ya mita moja na kitu. Maji yakipwa, hicho kina kiko juu ya mwamba na wale wadudu wa miiba mieusi. Yakijaa sana, linakuja kuvunjikia ufukweni kabisa, linakubwaga mchangani. Mimi naingia siku za maji mafu, tofauti hiyo ikiwa ndogo, maji yakiwa nusu yanajaa. Si mawimbi makubwa, ila hayabadiliki ghafla, na unapata muda wa kurudia kosa lilelile mpaka lichoke.

Mkazi wa Durban

Mmeongea yote ila ukubwa wa ubao. Huku maji ni ya vuguvugu na waokoaji wako kazini, kwa hiyo kila mtu anajiona bingwa, ananunua ubao mfupi, mwembamba, mkali kwa kutazama. Kisha anakaa mwaka haelewi kwa nini hashiki wimbi. Mtu wa kilo 70 anayeanza atafute ubao wa sponji wa futi 8 au 9, wenye ujazo wa lita 70 au zaidi. Mpana. Mbaya kwa kutazama, sawa. Ubao mkubwa unakimbia mapema, unakupa nafasi ya kunyanyuka kabla wimbi halijasimama wima.

Na heshima: aliye karibu zaidi na pale wimbi linapoanzia kuvunjika, ni lake. Wewe subiri linalofuata. Hili halina mjadala popote duniani, na atakayelivunja ataambiwa kwa lugha ambayo siwezi kuandika hapa.

Kiu ya Maji

Nimeelewa wakuu, nimeshaulizia mwalimu wa kuogelea. Mpwani, nikishajua nije Kigamboni lini?

Mpwani wa Kigamboni

Epuka mwezi mwandamo na mwezi mpevu, njoo katikati yake. Ubao wa kuazima upo, futi 9, tezi imeliwa na panya. Unaelea.